Umekuja Nairobi kikazi na huli nyama wala maziwa? Uliza sufuria, hakikisha jina, ndipo ulipe

Kila Jumatatu alfajiri mabasi ya usiku kutoka Kisumu, Kakamega, Kisii na Mombasa huteremsha watu wa kazi katikati ya Nairobi: maafisa wa kaunti, wakaguzi wa hesabu, mafundi wa mitambo, walimu wanaokuja semina. Wana posho ya siku nne au tano, na siku hizi sehemu kubwa ya posho hiyo iko kwenye simu wala si kwenye pochi.

Kati yao wamo wasiokula chochote kinachotoka kwa mnyama: nyama, samaki, mayai, maziwa, siagi, samli wala asali. Wengine hujiita vegani. Wengine ni Wasabato au Marasta, wengine wako kwenye mfungo, wengine ni agizo la daktari. Sababu ni tofauti, lakini wakifika jijini swali ni moja: nitakula wapi?

Wengi hudhani jibu ni mkahawa wa bei kali wenye menyu ya kigeni. Kufikia Jumatano posho imekauka, na siku zilizobaki ni chipsi na soda. Sisi tunaona mambo kwa njia nyingine. Chakula chako kimejaa Nairobi, tayari kimeiva, na mara nyingi ndicho cha bei nafuu zaidi hapo mezani. Unachohitaji ni maswali mawili. La kwanza ni la mpishi: sufuria hii imetiwa nini? La pili ni la simu yako: jina linalotokea kabla sijaweka PIN ni la nani?

Neno "mboga" linaweza kukuponza

Tuanze na lugha, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi hukwama. Hapa Kenya "mboga" ni chochote kinacholiwa na ugali. Ukimuuliza mtu mboga ni nini leo, anaweza kukujibu bila kutabasamu: "Mboga ni nyama." Kwa hiyo ukiingia hotelini na kusema unataka "ugali na mboga", usishangae ukiletewa sahani ya matumbo.

"Bila nyama" nayo haitoshi. Mpishi atakuuliza kwa nia njema kabisa: "Basi nikuwekee kuku?" Na hata akikupa maharagwe, huenda yameongezewa supu ya mifupa ili yawe na ladha, au viungo vya paketi vyenye ladha ya nyama.

Uliza kilichoingia sufuriani, kitu kimoja kimoja. Mazungumzo ya kawaida huwa hivi:

"Habari ya kazi, mama. Hii ndengu umepika na nini?"
"Nyanya, kitunguu, dania na mafuta. Iko sawa, kastoma."
"Haina supu ya nyama? Haina maziwa?"
"Haina. Hiyo ya huku ndiyo iko na nyama."
"Na chapati, umekanda na maziwa ama maji?"

Hayo yote hayamalizi nusu dakika. Uliza ukiwa bado umesimama. Ukishaketi na sahani ikishapakuliwa, ni vigumu kwa pande zote mbili kurudi nyuma.

Katikati ya jiji: anzia kwenye kibanda

Ukishuka upande wa River Road, Tom Mboya au Accra Road, tafuta kwanza sufuria za wafanyakazi. Kibandaski cha kawaida kitakuwa na githeri, maharagwe, ndengu, kabeji, sukuma wiki, ugali na wali mweupe. Hivyo vyote hupikwa kwa mafuta ya kupikia, na vingi havina chochote cha mnyama.

Githeri, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, ndiyo rafiki mkubwa wa msafiri asiyekula nyama. Inashibisha hadi jioni, na wengi wetu tuliishi nayo shuleni. Wakenya wanakumbuka pia uchaguzi wa Agosti 2017, picha ya mpiga kura aliyekuwa akila githeri kwenye foleni ilipozunguka nchi nzima. Uliza tu kama imekaangwa na nyama, maana githeri "spesheli" mara nyingi huwa nayo. Ongeza nusu ya parachichi na umekamilisha mlo.

Mukimo ni wa kuuliza vizuri zaidi. Viazi, mahindi na majani ya maboga havina tatizo, lakini baadhi ya wapishi huponda kwa maziwa au siagi. Pilau huanza na supu ya nyama, kwa hiyo hata ukiondoa vipande, bado si chakula chako. Mandazi mengi yana maziwa au mayai. Ukipata mkahawa wa vyakula vya Pwani, agiza mbaazi za nazi au wali wa nazi: utamu wake unatoka kwenye tui.

Kwa kifungua kinywa, angalia wanaouza nduma, viazi vitamu na mihogo ya kuchemsha asubuhi. Agiza chai ya rangi, na useme "ya rangi" kwa sauti, kwa sababu ukisema "chai" pekee utapewa ya maziwa. Uji wa wimbi ni mzuri pia, ila wengine huutia maziwa.

Parklands na Westlands: "vegetarian" bado si vegani

Kazi nyingi za ofisi zimehamia Westlands, na hilo ni bahati kwako. Jirani yake ni Parklands, makao ya muda mrefu ya familia za Kihindu na Kijaini, watu ambao wamekula bila nyama kwa vizazi. Diamond Plaza, Parklands, ina eneo la vyakula linalojulikana jijini kote, na mitaa ya karibu ina mikahawa inayoandika mlangoni kuwa haipiki nyama kabisa.

Hapa swali linageuka. Nyama usiihofie katika mikahawa hiyo, hofia maziwa. Mapishi ya Kihindi hupenda samli, mtindi, malai na paneer, ambayo ni jibini. Dengu huweza kumwagiwa samli ya moto mwishoni. Roti hupakwa samli ikitoka kwenye moto. Naan hukandwa kwa mtindi. Sema hivi: "Nataka dal bila samli, roti kavu, na mboga bila malai." Wapishi wa Parklands wamezoea maagizo ya aina hii, kwa sababu Wajaini wengi hawali viazi, vitunguu wala kitunguu saumu, na huagiza kila mlo kwa masharti yao.

Vitafunio ndivyo rahisi. Bhajia za viazi hupakwa unga wa dengu na kuliwa na ukwaju. Mihogo ya kukaanga, ambayo Wahindi wa Kenya huiita mogo kutokana na neno letu muhogo, hunyunyiziwa pilipili na ndimu. Muulize tu kama karai hilo hilo linakaanga kuku, hasa Diamond Plaza ambako vibanda vya nyama na visivyo vya nyama viko bega kwa bega.

Hurlingham na Kilimani: ijue Jumatano na Ijumaa

Hii ni siri ambayo wasafiri wengi hawaijui. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na hufunga siku 55 kabla ya Pasaka. Kwenye mfungo hawali nyama, maziwa, siagi wala mayai. Kwa maneno mengine, siku hizo wanakula kama wewe.

Migahawa ya Kihabeshi iko Hurlingham, Kilimani na Westlands. Omba chakula cha mfungo. Mhudumu ataelewa ukisema "tsom" au "beyaynetu". Utaletewa injera kubwa ya unga uliochachuka, na juu yake mafungu ya dengu nyekundu, shiro, sukuma, kabeji na kiazisukari. Sahani moja mara nyingi inatosha watu wawili, kwa hiyo mkienda na mwenzako wa kazi mnagawana bili.

Siku nyingine za wiki uliza kuhusu siagi yao yenye viungo, kwani shiro na dengu huweza kupikwa nayo. Na kwa kuwa baadhi ya watu hula samaki wakati wa mfungo, taja samaki pia unapoagiza.

Kangemi na Kawangware: majani ya nyumbani

Kama kazi yako iko upande wa Waiyaki Way, Uthiru au Dagoretti, usirudi mjini kutafuta chakula. Matatu za 23 zitakufikisha Kangemi, na za 46 hupita Hurlingham kuelekea Kawangware. Mitaa hii ina wakazi wengi kutoka magharibi ya nchi, na masoko yake yamejaa managu, kunde, terere, saga na mrenda.

Majani haya zamani yalidharauliwa kama chakula cha maskini. Leo yanauzwa hata kwenye supamaketi za Westlands, na Desemba 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya kiasili kama mfano bora wa kuigwa.

Tahadhari ni moja tu, lakini ni kubwa. Majani machungu kama managu mara nyingi hulazwa na maziwa au malai ili uchungu upungue. Hayaonekani ukiyatazama. Uliza: "Hii managu imelala na maziwa?" Kama jibu ni ndiyo, omba mrenda uliopikwa kwa munyu, au majani yaliyotiwa karanga ya kusaga.

Semina na bafe: tuma ujumbe jana yake

Mahali ambapo wengi hulala njaa ni kwenye hoteli ya semina, mbele ya meza iliyojaa chakula. Mchele umetiwa siagi, mboga zimetiwa malai, na mpishi mkuu ameshaondoka. Andalia mapema. Mtumie anayeratibu semina ujumbe kama huu, siku moja kabla:

"Hujambo. Nitakuwa kwenye mafunzo kesho. Sili nyama, samaki, mayai, maziwa, siagi wala asali. Naomba maharagwe au ndengu iliyopikwa kwa mafuta ya kupikia, wali mweupe na sukuma. Asante sana."

Ona kwamba ujumbe hauna neno vegani. Ukitaja vyakula vyenyewe, jikoni hawana la kubahatisha.

Sasa kulipa: Till, Pochi au nambari ya mtu?

Umepata chakula. Kabla ya kuagiza, uliza pia unalipaje, kwa sababu njia hizi hazigharimu sawa. Tunatumia hapa viwango vya M-PESA, ambayo ndiyo utakayokutana nayo kwenye vibanda vingi.

*Nambari ya Till.* Wewe mnunuzi hukatwi ada. Ndiyo njia bora kwa milo mikubwa. Tangu 2022 mteja wa Airtel Money pia anaweza kulipa kwenye Till ya M-PESA.

*Pochi la Biashara au nambari ya simu ya muuzaji.* Hapa unalipa ada ya kawaida ya kutuma pesa. Hadi shilingi 100 ni bure. Kuanzia 101 hadi 500 ni shilingi 7, na kuanzia 501 hadi 1,000 ni shilingi 13.

*Kutoa pesa kwa wakala ili ulipe taslimu.* Kutoa kati ya shilingi 101 na 500 ni shilingi 29. Ukitoa 300 kila asubuhi kwa siku tano, umelipa 145 bila kula chochote. Beba noti chache kwa ajili ya siku mtandao unapogoma, lakini usifanye kutoa kila siku kuwa mazoea.

Nambari ikishaingia, subiri jina litokee kwenye skrini, kisha umsomee muuzaji: "Ni jina hili?" Fanya hivyo kila mara, hata kwenye kibanda ulichokula jana. Wezi hubandika karatasi yenye nambari yao juu ya nambari ya muuzaji, na mchana wenye foleni ndefu hakuna anayeangalia. Ukilipa nambari ya mwizi, muuzaji hajapata chochote, na wewe umebaki na sahani ambayo haijalipiwa.

Muuzaji naye akisubiri ujumbe uingie kwenye simu yake kabla ya kukuachilia, usikasirike. Wapo wanaoonyesha ujumbe bandia. Wapo pia wanaokula, wakashiba, wakavuka barabara, kisha wakaomba muamala urudishwe kana kwamba walikosea nambari. Shilingi 100 ya githeri ni sehemu ya mtaji wa maharagwe ya kesho. Kurudisha muamala ni kwa makosa ya kweli tu.

Ukikosea kweli, tuma ujumbe wa muamala huo mara moja kwenda 456. Usimfuate mtu anayekupigia akidai ni wa huduma kwa wateja na anahitaji PIN yako. PIN haiombwi kwa simu, kamwe.

Risiti: je, ni posho au ni marejesho?

Hili ndilo huamua ule wapi, na wengi hulifikiria wakiwa wamesharudi nyumbani.

Kama mwajiri anakupa *posho ya siku*, kiasi kimepangwa na unajipimia mwenyewe. Kuanzia 1 Julai 2025, kiwango cha posho ya safari kisichotozwa kodi kilipanda kutoka shilingi 2,000 hadi 10,000 kwa siku. Kibanda kinakufaa kabisa hapa: kinachobaki ni chako.

Kama unalipa kwanza kisha *unarejeshewa*, mhasibu atataka risiti ya eTIMS. Tangu 1 Januari 2024 kampuni haiwezi kupunguza gharama kwenye hesabu zake za kodi bila ankara hiyo ya kielektroniki, isipokuwa kwa gharama chache zilizosamehewa. Ujumbe wa M-PESA unaonyesha kwamba pesa zilitoka. Haueleza ulinunua nini. Mama wa githeri huenda hana eTIMS. Basi milo unayotaka kurejeshewa ile kwenye mkahawa unaotoa risiti hiyo, na uulize kabla ya kuagiza.

Kwa vyovyote, usifute ujumbe wa miamala hadi safari ifungwe. Ukifika nyumbani, omba taarifa ya miamala kupitia programu au *334#, kisha weka alama kwenye milo ya kazi.

Mfano wa siku moja

Bei hizi ni za mfano, ili uone hesabu inavyokwenda.

- Asubuhi, katikati ya jiji: nduma na chai ya rangi, shilingi 80, kwa nambari ya muuzaji. Ada: 0.
- Mchana, kibandani: githeri na parachichi, shilingi 150, kwa Pochi. Ada: 7.
- Jioni ya Jumatano, Hurlingham: sahani ya mfungo, shilingi 700, kwa Till. Ada: 0.

Jumla ni shilingi 937. Kwa siku tano za aina hiyo ni 4,685, na kati ya hizo ada ni 35 pekee. Ukigawana sahani ya jioni na mwenzako, inashuka zaidi.

Kabla hujatoka hotelini asubuhi

1. Chaji simu, na uwe na shilingi 200 taslimu.
2. Taja vyakula usivyokula kimoja kimoja. Usitegemee neno "mboga".
3. Mjini uliza supu ya nyama. Parklands uliza samli. Kangemi uliza maziwa. Hurlingham uliza siagi.
4. Uliza kama kuna Till kabla ya kuketi.
5. Soma jina kwa sauti, kisha weka PIN.
6. Kama utarejeshewa, uliza eTIMS kabla ya kuagiza.

Unajua kibanda kati ya mjini na Uthiru kinachopika bila nyama wala maziwa na kina Till yake? Tuandikie mtaa na siku bora ya kwenda, tuwaambie na wengine. Safari njema, na chakula chema.